Kabla ya Kusasisha Kitovu cha Nyumba Mahiri: Mambo ya Kuzingatia Ili Sasisho Lisikwame

Kitovu cha nyumba mahiri, yaani kile kisanduku kidogo kinachopokea amri kutoka kwenye simu na kuzifikisha kwenye taa, kufuli, soketi na vitambuzi, huendeshwa na programu dhibiti iliyoandikwa kwenye kumbukumbu yake ya fleshi. Sasisho la programu hiyo hupitia hatua nne: kitovu hupakua faili kutoka kwenye seva ya mtengenezaji, huhakiki saini yake ya kidijitali, huiandika kwenye kumbukumbu, kisha hujizima na kujiwasha kwa toleo jipya. Ninazitaja hatua hizi mapema kwa sababu hitilafu ya kila hatua ina tiba yake, na mtu asiyejua sasisho lake limekwama wapi huishia kubonyeza kitufe cha kufuta kila kitu, kumbe tatizo lilikuwa kwenye ruta.

Kabla ya yote, chunguza ikiwa kitovu chako kina nafasi moja au mbili za kuhifadhi programu dhibiti. Vitovu vyenye nafasi mbili huandika toleo jipya kwenye nafasi isiyotumika, na toleo hilo lisipowaka, hurudi vyenyewe kwenye la zamani. Vile vyenye nafasi moja huandika juu ya programu ileile inayoviendesha, hivyo umeme ukikatika wakati wa kuandika, kifaa kinaweza kukataa kabisa kuwaka. Mwongozo usipoeleza lolote kuhusu jambo hili, ni busara kuchukulia kwamba nafasi ni moja.

Hata hivyo, kitovu kikifa hununuliwa kingine, na kwa kawaida hasara kubwa zaidi huwa ni yale yaliyohifadhiwa ndani yake peke yake. Katika mtandao wa Zigbee, yaani redio ya nguvu ndogo inayounganisha vifaa vya nyumbani, kitovu ndicho mratibu: hutunza ufunguo wa usimbaji wa mtandao mzima, kitambulisho cha mtandao huo na chaneli yake, ambayo ni moja kati ya zile 16 za masafa ya 2.4 GHz, kuanzia ya 11 hadi ya 26. Ufunguo huo ukipotea, kila balbu na kila kitambuzi hulazimika kuoanishwa upya, kimoja baada ya kingine, pamoja na kile kilichofungwa juu ya dari ambako hakuna anayetaka kupanda tena. Z-Wave, mfumo mwingine wa redio wa aina hiyo, ina usumbufu wa ziada, kwani kifaa kilichokwisha kujiunga na mtandao mmoja hakikubali kuingia mwingine mpaka kwanza kiondolewe kwa utaratibu maalumu, au kirejeshwe kwa mkono kwenye hali ya kiwandani.

Kwa hiyo toa nakala rudufu, kisha uihamishe nje ya kitovu, kwenye kompyuta au diski nyingine. Nakala iliyobaki ndani ya kifaa kilichokufa ni sawa na ufunguo wa akiba uliofungiwa ndani ya nyumba. Soma pia nakala hiyo inajumuisha nini, maana baadhi ya vitovu huhifadhi ratiba na majina ya vyumba lakini huacha data ya redio (ufunguo, kitambulisho na chaneli), na mwenye nyumba hugundua upungufu huo siku ya kurejesha. Ikiwa nakala imefungwa kwa nenosiri, nenosiri hilo nalo lihifadhiwe mahali pengine. Juu ya hayo yote, ningeshauri orodha ya kawaida ya karatasi: jina la kila kifaa, mahali kilipo, na msimbo wake wa kuoanisha. Kwa vifaa vya Matter, yaani kiwango cha pamoja cha vifaa vya nyumba mahiri, msimbo wa kuandika kwa mkono kwa kawaida una tarakimu 11, nao mara nyingi huchapishwa ubavuni mwa kifaa, upande ule unaogeukia ukuta baada ya kufungwa. Kanuni za otomatiki, zile za «mlango ukifunguliwa usiku, washa taa ya ukumbini», zipigwe picha za skrini.

Kuhusu umeme hakuna mengi ya kusema. Kitovu na ruta viunganishwe kwenye UPS (kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika) iwapo ipo, adapta iwe ile iliyokuja na kifaa, na mahali umeme unapokatika mara kwa mara usasishaji usubiri saa zenye utulivu.

Mtandao unahitaji uangalifu zaidi. Kitovu chenye tundu la kebo kiunganishwe kwa kebo, kwa sababu Wi-Fi ya 2.4 GHz na Zigbee hugombea masafa yaleyale. Kama nyumba ina kichujio cha matangazo kinachozuia anwani za intaneti, kizimwe kwa muda, kwani seva za masasisho huweza kuzuiwa nazo bila ujumbe wowote wa maana kuonekana kwenye simu. Jambo linalosahaulika zaidi ni saa. Vitovu vingi havina betri ya kutunza saa, hivyo vikiwashwa baada ya umeme kukatika huuliza wakati kupitia NTP, utaratibu wa kusawazisha saa kwa intaneti, unaopita kwenye mlango wa mawasiliano wa UDP namba 123. Mlango huo ukiwa umefungwa kwenye ruta, tarehe hubaki ya zamani, na cheti cha usalama cha seva huonekana kana kwamba bado hakijaanza kutumika. Vyeti vilivyozeeka ndani ya kitovu navyo huleta tatizo la aina hiyo: tarehe 30 Septemba 2021, cheti mzizi cha DST Root CA X3, yaani cheti ambacho vyeti vingine hutegemea ili viaminike, kilipoisha muda wake, vifaa vya zamani ambavyo havikuwa vimesasishwa vilishindwa kuziamini seva zilizotumia vyeti vya Let's Encrypt, mtoaji wa vyeti vya bure, ingawa intaneti yenyewe ilikuwa nzima. Kitovu kilichokaa miaka bila kusasishwa huenda kikahitaji kuwekewa faili kwa mkono, na pengine kupitia toleo la kati kabla ya lile jipya. Maelezo ya toleo husema hivyo, yakisomwa.

Chagua muda ambao hakuna anayetegemea kufuli wala king'ora, na uwe na funguo za kawaida mkononi. Jua mapema maana ya rangi za taa ya kitovu, na muda ambao mtengenezaji anasema usasishaji huchukua, kwa kuwa vitovu vingi huharibiwa na mwenye navyo aliyechoka kusubiri na kuchomoa waya. Andaa pia njia ya uokoaji: kompyuta, kebo, faili la programu dhibiti la modeli yako hasa, na maelekezo ya kuingia katika hali ya uokoaji, vyote vikiwa vimepakuliwa kabla ya intaneti ya nyumba kuguswa. Sasisho likikwama baada ya maandalizi hayo na muda uliotajwa umepita kwa mbali, zima na uwashe upya mara moja, jaribu tena kwa kebo, kisha ingia katika hali ya uokoaji. Kurejesha mipangilio ya kiwandani kuje mwisho kabisa, kwani hufuta mtandao wote ulioutunza.

Sasisho likifanikiwa, usikimbilie kusasisha balbu na vitambuzi siku hiyohiyo. Redio ya Zigbee ina kasi ya juu ya kilobiti 250 kwa sekunde, na kifaa cha betri hulala muda mwingi, hivyo faili dogo tu linaweza kuchukua saa kadhaa kufika. Acha kitovu kifanye kazi siku mbili tatu, hakiki kila kifaa dhidi ya ile orodha ya karatasi, toa nakala rudufu mpya, ndipo uanze na kifaa kimoja kisicho na umuhimu mkubwa.