Unda pedali ya fazi (fuzz, sauti ya kukwaruza) ya gitaa kwa transista moja

Wengi hukimbilia kunakili pedali maarufu yenye vipande arobaini, wakamaliza kulehemu, ikakaa kimya, na wasijue waanzie wapi kuikagua. Anza na sakiti iitwayo Bazz Fuss. Ina vipande sita tu, na sauti yake ni chafu kwelikweli, ile ya kukwaruza.

Tafuta transista MPSA13, diodi 1N4148, rezista ya 10k, kapasita mbili za mikrofaradi 0.1 (juu yake zimeandikwa 104) na potenshiometa (kitufe cha kuzungusha cha sauti) ya 100k. Ongeza jeki mbili na betri ya volti 9. Ukikosa MPSA13, chukua BC547 mbili: unganisha kolekta zao pamoja (kolekta, beisi na emita ndiyo miguu mitatu ya transista), kisha emita ya kwanza iingie kwenye beisi ya pili. Sasa zinafanya kazi kama transista moja yenye ukuzaji mkubwa. Angalia miguu tu: ukiitazama kwa upande bapa, kushoto kwenda kulia, MPSA13 ni emita, beisi, kolekta, BC547 imegeuzwa, inaanza na kolekta.

Hatua ya 1: panga kwenye bredibodi (ubao wa majaribio usiohitaji kulehemu). Usiguse lehemu bado. Waya wa gitaa upite kwenye kapasita ya kwanza uingie beisi. Emita iende graundi (sehemu ya pamoja ya hasi), pamoja na hasi ya betri. Rezista itoke chanya ya betri hadi kolekta. Diodi ikae kati ya kolekta na beisi, mstari wake ukiwa upande wa beisi. Kutoka kolekta, kapasita ya pili iende mguu wa pembeni wa potenshiometa. Mguu wa kati ndio sauti inayotoka, na mguu uliobaki uende graundi.

Hatua ya 2: pima kolekta. Hapa ndipo pa kutulia. Weka mita kwenye volti, ncha nyeusi graundi, nyekundu kolekta. Ukisoma kati ya volti 1 na 2, uko salama. Ukisoma 9, transista haijawaka: mara nyingi diodi imegeuka au miguu ya transista imepishana. Ukisoma sifuri, umeme haufiki, au kolekta imegusana na graundi. Kipimo hiki kimoja hukuonyesha hitilafu nyingi kabla hata hujachomeka gitaa.

Volti hiyo ndogo ndiyo siri ya mkwaruzo. Kolekta imekaa karibu kabisa na graundi, kwa hiyo wimbi lililokuzwa likitaka kushuka linakosa nafasi, linakatwa. Likipanda, diodi inarudisha sehemu yake kwenye beisi na kulibana.

Hatua ya 3: chezea. Toa diodi, weka taa ndogo ya LED nyekundu, mguu mfupi upande wa beisi: sauti inapanda na kupata pumzi kidogo. Kwa gitaa la besi, kapasita ya kuingilia iwe mikrofaradi 4.7, chanya yake ikiangalia beisi. Mimi kwa gitaa la solo huiacha 0.1, zaidi ya hapo nyuzi nene hujaa tope.

Hatua ya 4: lehemu na ufunge. Hamishia kila kitu kwenye bodi ya matundu. Kasha liwe la chuma na liunganishwe na graundi, la sivyo utasikia mvumo wa umeme wa nyumba. Kopo la biskuti linatosha, ingawa ukilikanyaga kwa hasira litabonyea. Jeki ya kuingilia nunua ya stirio: hasi ya betri iunganishe kwenye kiungo cha pete badala ya graundi, na betri itawaka tu pale waya wa gitaa unapochomekwa. Ukitumia adapta, hakikisha hasi iko katikati ya plagi, kama zilivyo adapta nyingi za pedali, na uiweke pedali hii ya kwanza kabisa baada ya gitaa.