Namna ya Kupinga Bango la Matangazo Kabla Halijasimamishwa Barabarani

Mapingamizi mengi dhidi ya mabango ya matangazo hukataliwa, si kwa kuwa wakazi hawana hoja, bali kwa kuwa hoja walizoandika ziko nje ya mamlaka ya ofisi inayotoa kibali. Mkazi hulalamika kwamba bidhaa itakayotangazwa inapotosha vijana, au kwamba kampuni husika imekwisha kujaza mabango kila kona. Ofisa huisoma barua yake kwa heshima, huiweka kwenye jalada, kisha hutia saini kibali. Nchini Uingereza, kwa mfano, kanuni za matangazo ya nje humtaka mwamuzi apime mambo mawili tu, yaani mandhari ya mahali na usalama wa umma. Kanuni za kwenu huenda zikataja zaidi ya hayo, kwa hiyo zisome kabla ya kushika kalamu.

Anza kwa kuomba kuliona ombi lenyewe. Nakili namba yake na tarehe ya mwisho ya kupokea mapingamizi, kisha angalia vipimo vya bango, kimo chake kutoka ardhini, mahali hasa nguzo itakapochimbiwa, na kama uso wake utakuwa wa kuchapwa au skrini inayobadilisha picha. Angalia pia kama nguzo hiyo imo ndani ya hifadhi ya barabara, kwa sababu hapo idhini ya mwenye kiwanja haitoshi.

Baada ya hapo nenda mahali penyewe, na hii ndiyo sehemu ya kazi isiyostahili kuharakishwa. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takribani mita 22 kila sekunde, maana yake dereva akiligeukia bango kwa sekunde mbili tu, gari limekwenda mita 44 hivi bila macho yake kuwa barabarani. Pima basi umbali kati ya nguzo na kivuko cha watembea kwa miguu, makutano, kona au taa za kuongozea magari, ukiwa umesimama pembeni mahali salama. Piga picha kutoka upande magari yanakotokea, kamera ikiwa kwenye kimo cha macho ya dereva aliyeketi, mchana na tena usiku. Iwapo bango litaonekana nyuma ya taa za kuongozea magari, picha moja inayoonyesha hivyo ina uzito kuliko kurasa tatu za maelezo. Kama nchi yenu imeridhia Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama za barabarani, utaje pia, kwani unakataza mbao na matangazo yanayoweza kudhaniwa kuwa alama za barabarani, kupunguza uonekanaji wa alama hizo, au kuwatia kiwi watumiaji wa barabara na kuwavuruga kwa namna inayohatarisha usalama.

Hoja ya mandhari ni ngumu zaidi kwa sababu hukaribia sana suala la kupenda na kutopenda, ingawa si hoja ya watu wachache wenye kisirani: majimbo manne ya Marekani, yaani Vermont, Maine, Hawaii na Alaska, yamepiga marufuku mabango makubwa ya barabarani. Usiandike kwamba bango litachukiza. Andika kwamba nyumba za eneo hilo ni za ghorofa moja na bango litazipita kimo, au kwamba skrini itaelekea madirisha ya vyumba vya kulala yaliyo umbali fulani, ukitaja umbali huo.

Kuhusu saini, nina shaka na barua moja iliyonakiliwa na kusainiwa na mtaa mzima. Orodha ndefu inaweza kumgusa diwani, lakini mtaalamu wa mipango huona humo hoja moja iliyorudiwa. Ni afadhali barua tano, kila moja ikieleza kile ambacho mwandishi wake peke yake anakijua, kama vile mzazi anayewavusha watoto hapo kila asubuhi.

Mwishoni mwa barua omba ombi likataliwe, kisha ongeza masharti unayotaka yawekwe endapo litakubaliwa: skrini izimwe usiku, mwanga upunguzwe giza linapoingia, picha zisiwe za kusogea. Wapo wanaoona kuwa kufanya hivyo ni kusalimu amri mapema; mimi naona ni tahadhari, hasa kwa kuwa katika sheria za baadhi ya nchi, ikiwemo Uingereza, mwombaji anaweza kukata rufaa lakini jirani aliyepinga hawezi.

Kibali kikitolewa, omba nakala yake na uitunze. Siku bango litakaposimamishwa, linganisha kimo, ukubwa na mwanga wake na yaliyoandikwa humo, kwa sababu bango lililozidi kibali chake hata kwa nusu mita ni ukiukaji wa masharti, na malalamiko ya namna hiyo hayana tarehe ya mwisho ya mapingamizi.