Jinsi ya kuomba chuo binafsi Marekani na msaada wa ada ukiwa huna makaratasi

Hakuna sheria ya serikali kuu ya Marekani inayomkataza mwanafunzi asiye na makaratasi kusoma chuo kikuu. Marufuku za majimbo kama South Carolina na Georgia zinahusu vyuo vya umma tu. Kinachomkwamisha mwanafunzi huyu ni ada, maana ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, mikopo ya serikali na kazi za chuoni zinazolipwa na serikali hazimhusu. Hela yake itatoka kwenye mfuko wa chuo chenyewe, kwenye jimbo analoishi, au kwa wafadhili wa nje. Mfuko wa chuo ndio mnene kuliko yote. Ndiyo maana chuo binafsi ambacho gharama zake zinapita dola 85,000 kwa mwaka kinaweza kuidai familia ya kipato kidogo pesa chache kuliko chuo cha umma cha karibu na nyumbani.

Kwanza, hakikisha hadhi yako ya uhamiaji

Kabla ya kugusa fomu yoyote, kaeni mezani na wazazi, mtoe bahasha yenye makaratasi yote, mtafute I-94, rekodi ya kuingia Marekani inayoonyesha hadhi mliyopewa. Familia nyingi za Wakongo waliohamishiwa Marekani kutoka kambi kama Nyarugusu zina hadhi ya ukimbizi. Mtoto wao anajaza FAFSA, fomu ya misaada ya serikali kuu, kama wenzake wazaliwa. Aliyekwisha kupewa hifadhi na mwenye grini kadi nao hivyo hivyo.

Anayesubiri uamuzi wa maombi ya hifadhi bado hajafika hapo, hata kama ana kibali cha kazi na namba ya Social Security. Wengi huteleza hapa: wanaona wana namba, wanajaza FAFSA, wanakataliwa wakati muda wa fomu nyingine umeshapita. Kama viza yako ya matembezi ya kutoka Nairobi au Dar iliisha zamani, au unasubiri hifadhi, fuata mwongozo huu na usijaze FAFSA. Utakuwa unaipa serikali taarifa za familia bila kupata chochote. Na usihesabu DACA, mpango unaowakinga dhidi ya kufukuzwa walioletwa Marekani wakiwa watoto: uliwataka waombaji wawe wameishi Marekani mfululizo tangu tarehe 15 Juni 2007, kwa hiyo wanaomaliza sekondari sasa karibu wote hawamo.

Pili, chuo kitakuhesabu kama nani?

Swali hili linaamua karibu kila kitu, na inasikitisha kuona watoto hodari wakiliuliza baada ya kujibiwa hapana. Kuna vyuo vinavyomhesabu mhitimu wa sekondari ya Marekani asiye na makaratasi sawa na mwanafunzi wa ndani. Brown na Pomona ni mfano. Vingine, kama Harvard, Yale, Princeton na MIT, wakati wa kuchagua havitazami uwezo wa kifedha wa mwombaji yeyote, awe raia au mgeni, na vinagharamia upungufu wote, yaani pengo kati ya gharama za chuo na kile familia inachoweza kulipa. Halafu kuna vyuo vingi vinavyomweka kwenye kundi la wageni kutoka nje, ambako nafasi zenye ufadhili ni chache na kuomba msaada kunaweza kukupunguzia bahati ya kuchaguliwa.

Piga simu ofisi ya udahili mwezi wa Agosti au Septemba. Huna haja ya kutaja jina. Uliza haya: mwanafunzi asiye na hadhi aliyesoma sekondari hapa anahesabiwa wa ndani au wa nje? Kuomba msaada kunaathiri uamuzi wa kumchukua? Chuo kinafidia upungufu wote au sehemu tu? Mnataka fomu zipi badala ya FAFSA? Ukijibiwa kwa simu, omba wakuandikie barua pepe, maana karani wa leo siye utakayemkuta Machi.

Kila chuo kina kikokotoo cha gharama kwenye tovuti yake. Kitumie, lakini fahamu kwamba kinakuchukulia kama mwenye haki ya Pell, ambayo kiwango chake cha juu ni dola 7,395. Chuo kinachofidia upungufu wote kitaziba pengo hilo kwa hela yake. Kisichofidia kitakuachia wewe.

Tatu, fomu ya Common App

Hii ni fomu moja ya maombi inayopokelewa na vyuo vingi. Inafunguliwa tarehe 1 Agosti. Kwenye sehemu ya uraia chagua jibu lililo kweli, taja nchi ya pasipoti yako, na sema huna viza ya Marekani. Nafasi ya namba ya Social Security iache wazi. Usiijaze kwa namba ya kodi, na usiazime namba ya mtu.

Usiweke alama kwenye "raia wa Marekani", hata kama mtu anakuhimiza kwamba fomu itapita upesi. Kudai uraia usio nao, kwa sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996, kunaweza kukufungia mlango wa grini kadi maisha yako yote. Makosa mengine mengi kwenye fomu hizi hurekebishika. Hilo halirekebishiki.

Ada za maombi zinasamehewa. Mwambie mshauri wa shule athibitishe kipato cha nyumbani. Ukishaanza kusoma chuoni, taarifa zako zinalindwa na FERPA, sheria ya 1974 ya siri za kumbukumbu za wanafunzi: chuo hakiruhusiwi kuzitoa bila ridhaa yako, isipokuwa kwa hali chache kama amri ya mahakama.

Nne, CSS Profile na ushahidi wa kipato

Hii ndiyo fomu ya fedha ya vyuo binafsi vingi. Inafunguliwa tarehe 1 Oktoba, haihitaji namba ya Social Security, na kwa mwanafunzi wa ndani ambaye kipato cha familia yake hakizidi dola 100,000 ni bure. Anayeomba uamuzi wa mapema, tarehe 1 Novemba au karibu na hapo, hutakiwa kuikamilisha wiki hizo hizo.

Ugumu uko kwa wazazi. Wanaolipa kodi kwa ITIN, namba ya kodi ya asiye na namba ya Social Security, wana kazi nyepesi: wapakie fomu 1040 ya kodi ya mapato yenye kurasa zote na sahihi. Mzazi anayelipwa taslimu, kwa kulea wazee au kusuka nywele, mara nyingi huandika sifuri kwa hofu. Mkaguzi anaona kipato sifuri na kodi ya nyumba dola 1,500 kwa mwezi, anarudisha faili, na wiki tatu zinapotea. Andika kipato halisi. Tengeneza jedwali la miezi 12: mwezi, kazi, kiasi. Ambatisha barua fupi ya mwajiri akikubali, au tamko la mzazi lenye sahihi, pamoja na maelezo kwamba hakuwasilisha kodi. Pesa mnazotuma nyumbani kwa bibi au karo za wadogo zako zieleze kwenye sehemu ya hali maalumu. Fomu haitaziuliza yenyewe.

Jimbo na wafadhili

California, New York, New Jersey na Illinois zina fomu zao za msaada kwa wasio na makaratasi, na hela hiyo hutumika pia kwenye vyuo binafsi vinavyoshiriki ndani ya jimbo. California mwisho wa kipaumbele kwa kawaida ni tarehe 2 Machi. QuestBridge, mpango unaowaunganisha wanafunzi wa kipato kidogo na vyuo vyenye ufadhili kamili, hupokea yeyote anayesoma sekondari Marekani bila kujali uraia, na mwisho wake huwa mwishoni mwa Septemba, mapema kuliko karibu fomu zote. TheDream.US na Golden Door Scholars ni ufadhili uliowekwa mahsusi kwa wahamiaji wasio na makaratasi.

Barua ya msaada ikifika

Isome mstari kwa mstari. Ukikuta kazi ya chuoni imehesabiwa kama sehemu ya msaada, na huna kibali cha kazi, waandikie siku hiyo hiyo waibadilishe iwe ruzuku. Vyuo vingi hukubali, lakini mpaka uombe. Ukikuta mkopo, uliza ni wa chuo au wa benki. Benki nyingi zitataka mdhamini mwenye hadhi. Uliza bima ya afya imo au ni bili ya pembeni, kwa sababu inaweza kuwa maelfu ya dola. Mwisho wa kuthibitisha nafasi huwa tarehe 1 Mei, na hata amana ya kuthibitisha unaweza kuomba usamehewe.