Njiwa mwitu wa majira ya baridi Uingereza: soma chakula kabla ya kubeba bunduki

Kuanzia Novemba hadi mwishoni mwa Machi, njiwa mwitu wa Uingereza ana kazi moja tu mchana: kutafuta chakula cha kumvusha usiku, na Desemba usiku huo hufika saa kumi na sita. Chakula kikihama, naye kahama, na maficho uliyoyajenga jana yanatazama shamba tupu. Kwa hiyo somo hili linaanza na chakula, linaenda shambani, na bunduki inakuja mwishoni. Limeandikwa kwa wenzetu wanaoishi kwenye mikoa ya kilimo, Lincolnshire, Norfolk, Hampshire na kwingineko, ambao mkulima amewaomba wamsaidie kuamia kanola yake, zao la mbegu za mafuta ambalo hukaa kijani shambani majira yote ya baridi.

Sheria kwanza

Shotgani, yaani bunduki ya marisau, inahitaji cheti cha polisi, kinachodumu miaka 5. Njiwa mwitu hana miezi ambayo uwindaji wake hufungwa, lakini asikudanganye mtu kwamba yuko huru kupigwa vyovyote. Ndege wote wa porini wanalindwa na sheria ya mwaka 1981. England, njiwa huyu anauawa chini ya leseni ya jumla GL42, iliyowekwa kuzuia hasara kubwa kwa mazao. Leseni hiyo huiombi, unaisoma na kuifuata, na isome upya kila Januari kwa sababu masharti hubadilika. Wales, Scotland na Ireland Kaskazini zina leseni zao. Unatakiwa kuwa na ruhusa ya mwenye ardhi, na njia nyingine za kuwafukuza ndege ziwe zimejaribiwa au zinaendelea, isipokuwa pale zisipowezekana. Kumpiga kwa starehe au kwa kitoweo tu si sababu inayokubalika, ingawa nyama ya aliyepigwa kwa kulinda mazao unaruhusiwa kuila.

Yupo pia njiwa anayelindwa ambaye huchanganyika na makundi haya: Columba oenas. Ni mdogo zaidi, wa kijivu kitupu, hana doa jeupe shingoni wala mstari mweupe bawani. Kinda la njiwa mwitu nalo halina doa la shingoni, kwa hiyo shingo isiwe kipimo chako. Tazama bawa. Kama hujaona mstari mweupe bawani, usifyatue.

Hatua ya 1: Jua wanakula nini mwezi huu

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaona kanola ya kijani mwezi Novemba, wanatandika njiwa bandia, wanakaa siku nzima na kurudi mikono mitupu. Kanola kwa njiwa ni chakula cha shida. Ni majani, maji mengi na nguvu kidogo, na huyaendea pale vitu bora vinapokwisha.

Vitu bora ni hivi: mbegu za mwaloni, mbegu za miti ya biichi, na punje zilizomwagika kwenye mabua ya ngano na shayiri. Njiwa humeza mbegu ya mwaloni nzima nzima, na gole likijaa, yaani ule mfuko wa chakula chini ya shingo, hupanda mtini akatulia kwa saa kadhaa. Mwaka ambao mialoni na biichi zimezaa sana, ndege hubaki msituni na kanola inaweza kukaa salama mpaka Januari imeingia. Mwaka ambao hazikuzaa, utawaona kwenye kanola kabla ya Krismasi. Ndiyo maana ziara ya kwanza ya msimu si ya shambani. Ni ya chini ya mialoni, mwezi Oktoba, kuangalia ardhi ina nini.

Vipo na vyakula vya katikati. Vipande vya mahindi na mtama vilivyopandwa kwa ajili ya kware na fezanti, ndege wanaofugwa ili wawindwe, huwavuta sana Desemba na Januari, lakini huko usiguse bila kuzungumza na mtunza ndege hao wa shamba, kwa kuwa msimu wa fezanti unaendelea hadi Februari 1 na mlio wako utawatawanya ndege wake. Klova, mmea wa malisho wa majani matatu, ilikuwa chakula kikuu cha baridi zamani. Utafiti uliofanywa Cambridgeshire miaka ya 1950 na 1960 ulionyesha kuwa idadi ya njiwa waliovuka baridi ilitegemea wingi wa klova kuliko wingi wa bunduki. Baadaye kanola ikaenea na kuchukua nafasi hiyo. Mwishoni mwa baridi, matunda meusi ya aivi, ule mtambaazi unaopanda kwenye miti, huiva, na ndege hupenda kuyaparamia wakielekea kulala.

Theluji hubadilisha hesabu yote kwa usiku mmoja. Kanola fupi ikifunikwa, njiwa huhamia chochote kilichochomoza juu: sukuma wiki, brokoli, kabichi ndogo za Brussels. Wakulima wa mboga wa Lincolnshire huumia zaidi siku hizo.

Kipimo cha uhakika kuliko vyote unacho mkononi kila unapookota ndege: fungua gole. Ukikuta majani matupu, uko mahali pake. Ukikuta mbegu za mwaloni kwa ndege uliyempiga juu ya kanola, alikuwa anapita tu, na kazi ya kesho iko msituni.

Hatua ya 2: Peleleza siku mbili au tatu kabla

Nenda na darubini bila bunduki, kaa ndani ya gari, kwani ndege hawaliogopi sana kama wanavyomwogopa mtu anayetembea. Andika mambo matatu: wanatua sehemu gani ya shamba, wanaingia wakitokea wapi, na saa ngapi.

Katika kanola hawatui popote. Mmea mnene uliofika magotini hawaupendi. Huwalowesha mabawa na kuwaziba wasimwone adui. Hutafuta pale mimea ilipodumaa na udongo unaonekana, mara nyingi karibu na miti ya kupumzikia. Ukiona majani yameliwa mpaka umebaki mshipa wa kati, na kinyesi cha kijani kimetapakaa, umefika.

Kuhusu saa: ndege wa majani hula karibu mchana kutwa kwa kuwa majani hayashibishi. Ndege wa nafaka au mwaloni hula asubuhi, hupumzika, hurudi alasiri. Palipo na jalidi kali, majani huganda na ndege hungoja yayeyuke, hivyo shamba linaweza kuwa kimya hadi saa nne au saa tano asubuhi. Usikate tamaa saa tatu. Saa kumi alasiri mwezi Desemba giza linaingia.

Hatua ya 3: Maficho

Nguzo nne au tano, wavu, na kitu cha kukalia. Upepo uwe mgongoni mwako au ukija kwa pembe ya nyuma, kwa sababu njiwa hutua akiukabili upepo, hivyo atakuja akikutazama, polepole, miguu imeshuka. Wavu ufike kifuani ukiwa umekaa. Chagua wavu wa rangi ya nyasi kavu. Wavu wa kijani wa kiangazi ukiuweka kwenye ua wa miti uliopukutika unaonekana kutoka mbali. Nyuma yako pawe na kitu, kichaka au shina, ili kivuli chako kisijichore angani. Uso ufunikwe, na mikono pia.

Hatua ya 4: Njiwa bandia

Anza na 12 hadi 20. Wapange kwa umbo la kiatu cha farasi, mdomo wazi ukielekea upepo unakokwenda, ili ndege aingie kwenye nafasi tupu ya katikati, mita 20 hadi 25 kutoka kwako. Njiwa bandia wa mwisho awe mita 35: yeye ndiye mpaka wako, na aliye nje yake hapigwi. Kati ya mmoja na mwingine acha mita moja na nusu hivi. Wengi wao watazame upepo, lakini si wote kwa mstari mmoja kama askari.

Plastiki ikilowa hung'aa, na ikishikwa na jalidi hugeuka nyeupe. Vyote viwili humshtua njiwa angali mbali. Tumia zenye manyoya ya kitambaa, au zifute kila baada ya mvua. Ndege uliowapiga ni bora kuliko plastiki, ila walazwe kwa kifua, kichwa kikiinuliwa kwa kijiti. Anayelala chali akionyesha tumbo huwafukuza wenzake. Okota manyoya yaliyotawanyika. Ndege hai aliyefungwa kutumiwa kama kivutio ni kosa la jinai.

Mashine ya kuzungusha, ile ya mikono miwili inayoendeshwa na betri ya volti 12, hufanya kazi vizuri kwa ndege wanaokuja wawili watatu. Kufika Februari kundi kubwa limeshaiona mara nyingi na huikwepa. Ukiona ndege wanakuja vizuri halafu wanapinda mita 60, izime kwanza kabla ya kulaumu maficho.

Hatua ya 5: Kufyatua

Geji 12, gramu 28 hadi 32, marisau namba 6 au 7, choki (mbano wa mdomo wa mtutu) ya robo na nusu. Marisau ya chuma yanahitaji punje kubwa zaidi, namba 4 au 5 (namba ikipungua, punje hukua), na bunduki ya zamani ipelekwe kwa fundi kwanza, maana si kila mtutu unavumilia chuma. Jizoeshe nayo mapema: mwaka 2025 serikali ilitangaza kuondoa marisau ya madini ya risasi hatua kwa hatua. Marisau ya namba hizi huweza kuanguka zaidi ya mita 200 mbele, kwa hiyo jua kilicho nyuma ya ua. Kufyatua ndani ya futi 50 kutoka katikati ya barabara na kumtia mpita njia hatarini au usumbufuni ni kosa.

Hatua ya 6: Ndege waliopigwa

Okota kila mmoja, mjeruhiwa kwanza. Watundike au watandaze penye hewa. Kamwe usiwarundike kwenye mfuko wa plastiki. Kwa ndege wa kanola toa gole mapema, kwani majani yale huchacha na kunukisha nyama.

MASWALI YA WANACHAMA

*Habari za kazi, mwalimu. Shamba letu lina kundi la mamia. Nikifyatua mara moja wote wanaondoka na hawarudi hadi jioni. Nifanyeje?*

Salama, kaka. Hilo ndilo tatizo kubwa la baridi, na dawa yake ni kutolipiga kundi. Fika, watimue wote bila kufyatua hata risasi moja, kisha ujenge maficho na kutandika njiwa bandia. Watarudi kwa vikundi vidogo vidogo. Pia ongea na majirani. Kama mashamba mengine ya kanola yako kimya, ndege watahamia huko na kutulia. Mtu mmoja akizunguka kwa gari kuwainua kila nusu saa, au mizinga ya gesi ya kutishia ndege kwa mlio ikilia huko, wanalazimika kuendelea kuruka. Mizinga nayo ihamishwe kila siku chache, la sivyo wataizoea mpaka watue kando yake.

*Mimi ni Mwislamu. Ndege aliyepigwa na marisau naweza kumla?*

Fatwa tuwaachie masheikh, kwani kuhusu marisau wanazuoni wana kauli tofauti; muulize wako kabla ya msimu. Upande wa vitendo, wengi hupiga bismillah kabla ya kufyatua, hubeba kisu kikali, na humwendea ndege papo hapo ili akiwa hai achinjwe. Ukitaka kufuata hivyo, usiruhusu ndege arundikane shambani saa nzima ndipo uwaokote, na punguza umbali hadi mita 25.

*Februari jioni watu hupiga msituni wanakolala. Kuna faida kwa mkulima, au ni mchezo?*

Faida ipo ikifanywa kwa pamoja. Msimu wa fezanti ukiisha, mashamba mengi ya eneo moja huchagua siku ileile, kila kichaka kina mtu, na ndege hawapati pa kukimbilia. Ukienda peke yako unawahamishia kichaka cha jirani tu. Chagua jioni ya upepo mkali, kwa kuwa siku tulivu huja juu sana. Simama upande ambao upepo unakokwenda, watakupita wakija polepole dhidi yake. Kumbuka masharti ya leseni ni yaleyale: lazima pawepo mazao yanayolindwa karibu.

*Theluji imekaa wiki nzima na ndege ni wembamba, kifua kama wembe. Niendelee?*

Dada, kama si mboga za mtu zinazoteketea, pumzika. Kwa bata na bata bukini serikali huweza kusimamisha uwindaji wakati wa baridi kali. Kwa njiwa hakuna amri hiyo, ila ndege aliyedhoofu hana nyama. Palipo na mboga za kuuzwa hali ni tofauti, maana siku mbili zinatosha kuharibu brokoli za shamba zima. Hapo kaa kwenye mboga zenyewe, usiwafuate penginepo.

*Mwaka huu mkulima wetu hakupanda kanola kabisa, anasema wadudu wamemshinda. Njiwa wataenda wapi?*

Si yeye peke yake. Eneo la kanola Uingereza lilipungua sana baada ya 2012. Dawa za kuua wadudu zinazopakwa kwenye mbegu, ziitwazo neonikotinoidi, zilizuiwa mwishoni mwa 2013, na mbawakavu wanaotoboa miche wakawashinda wengi. Maana yake mashamba machache ya kanola yaliyobaki hubeba ndege wa eneo zima, na yakiwa ya jirani yako, yeye ndiye atakayekuhitaji. Kwenu angalia mabua ya shayiri yaliyoachwa bila kulimwa hadi majira ya kuchipua, na mazao ya kufunika udongo yenye klova au figili. Machi, njegere zikianza kupandwa, rudi kwa mkulima wako siku ileile mashine ya kupandia inapoingia shambani. Punje zilizobaki juu ya udongo huwaita kabla ya jioni.