Usiilaumu valvu kwanza

Redio ya kwanza niliyoiua ilikuwa ya babu yangu mzaa mama. Sanduku la mbao la Kijerumani la miaka ya 1950, kitambaa cha rangi ya dhahabu mbele, jicho la kijani juu ya kioo cha stesheni, na ndani valvu sita, zile taa za kioo za redio za zamani: ECH81, EF89, EABC80, EL84, EZ80 na EM80 ya hilo jicho. Ilikaa juu ya kabati, nyumba ya Ngamiani hapa Tanga, zaidi ya miaka thelathini bila kuwashwa. Nilipoachiwa niliifuta vumbi, nikaichomeka ukutani moja kwa moja.

Ikaimba! Dakika kama kumi iliimba vizuri, kisha sauti ikaanza kukwaruza. Nikachungulia nyuma. Kwenye EL84, valvu inayosukuma spika, katikati ya bati la kijivu la anodi, yaani bati linalopokea mkondo, palikuwa na doa jekundu la ukubwa wa punje ya choroko. Mimi ni mwalimu wa fizikia, lakini nilisimama pale nikilitazama nikidhani ndivyo valvu zinavyowaka. Doa likatanuka likafika ukubwa wa kucha. Mara nta ikaanza kudondoka kutoka transfoma ya spika, na chumba kizima kikanuka mshumaa uliozimwa. Nilipochomoa plagi, transfoma ilikuwa imekwisha.

Nilikwenda kwa mzee mmoja aliyetengeneza redio tangu ujana wake, nikamwambia valvu imekufa, nataka nyingine. Akaigeuzageuza ile EL84 mkononi. "Taa haikujiua, mwalimu," akasema. "Niletee kondensa inayoilisha."

Tangu siku hiyo nimefungua redio na amplifaya za valvu nyingi, zangu na za watu, na mara nyingi mambo yamekuwa yaleyale: valvu ndiyo inayolaumiwa, na mkosaji ni kapasita, ile aliyoiita mzee kondensa, ya shilingi chache. Haya ndiyo ninayoyafanya sasa, kwa mpangilio ninaoufuata mezani.

Kwanza, usichomeke. Najua hamu ilivyo, lakini redio iliyolala miaka thelathini haina haraka. Fungua ubao wa nyuma, uitazame kwa tochi na uinuse. Huku pwani utakuta vinyesi vya mende, kutu, na mjusi. Sifanyi mzaha: amplifaya moja niliyoletewa ilikuwa inakata fyuzi kila ikiwashwa, na kisa chake kilikuwa mjusi aliyekauka kama karatasi, amelala kati ya pini mbili za soketi ya EZ80, valvu inayogeuza umeme wa AC kuwa DC. Tazama pia waya zilizovikwa mpira. Zikikunjwa zikapukutika kama biskuti, zibadilishe zote. Usibadilishe ule mmoja uliopasuka tu.

Kisha soma majina ya valvu. Zikianza na herufi E, hita zake, yaani waya za ndani za kuzipasha moto, ni za volti 6.3 na karibu kila mara redio ina transfoma ya umeme inayoitenga na ukuta. Zikianza na U, kwa mfano UCH81, UBF89, UCL82 na UY85, hapo kaa chonjo. Hizo hita zimeungwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, kama zile taa za mapambo ya harusi: moja ikikatika zote zinazima. Hatari yenyewe si hiyo. Redio za namna hii mara nyingi hazina transfoma ya umeme, na upande mmoja wa umeme wa ukutani umefungwa kwenye chasisi yenyewe, lile bati linalobeba vifaa vyote. Plagi ikigeuka, lile bati unalolishika lina volti 230. Jipimie: plagi ikiwa nje na swichi ya redio imewashwa, weka mita kwenye ohmu, ncha moja kwenye chasisi na nyingine kwenye kila mguu wa plagi. Mguu mmoja ukionyesha karibu na sifuri, usiiwashe redio hiyo mezani bila transfoma ya kutenga. Huna transfoma hiyo? Funika, irudishe kabatini. Naandika hivi kwa sababu najua mtu atajaribu.

Angalia pia kichaguzi cha volti nyuma. Redio nyingi za Ulaya zina nafasi za 110, 127, 220 na pengine 240. Nimewahi kukuta imewekwa 127 na mtoto aliyekuwa akichezea bisibisi. Kama ipo 240, mimi naiweka hapo. Redio iliyowekwa 220 ikipata umeme wa 240, hita ya 6.3 inapanda hadi 6.87, na kila kitu ndani kinapata joto kuliko kilivyopangiwa.

Sasa kapasita. Zile kubwa za kuchuja umeme, kwa kawaida mbili ndani ya kopo moja la alumini, 50 na 50 mikrofaradi, hukauka kwa miaka. Zikikauka, redio inavuma mvumo mzito wa herzi 100 usiopungua hata ukizima sauti kabisa. Zikivuja, kopo linapata moto na siku moja linapasuka. Ukitaka kubaki na sura ya zamani acha kopo juu, likate waya zake chini, na ufiche mpya mbili za mikrofaradi 47, volti 450, chini ya chasisi. Angalia alama ya hasi isikupotee. Na usijifanye mkarimu ukaweka mikrofaradi 220 ili mvumo uishe kabisa: EZ80 inavumilia mwisho 50 kwenye kapasita ya kwanza. Ukizidisha, kila ikiwashwa valvu inasukuma mkondo usio wa kiasi chake, na kathodi yake, sehemu inayotoa elektroni, inachunika.

Lakini kapasita iliyoua redio ya babu ni ndogo kuliko kidole gumba. Ni ile inayotoa sauti kwenye anodi ya EABC80 kuipeleka kwenye gridi ya EL84, wavu unaodhibiti mkondo wa valvu, pini ya 2. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia volti. Yangu ilikuwa ya karatasi iliyozamishwa nta, nanofaradi 10. Nilipoipima kwa mita ya kawaida, mita ilisema nzima, haipitishi kitu. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika, basi nikuonyeshe hesabu yake. Tuseme anodi ya EABC80 ina volti 80, na rezista ya gridi ya EL84 ni megaohmu 1. Kapasita ikivuja kwa kiasi cha megaohmu 10 tu, kitu ambacho mita nyingi za bei rahisi haziwezi kukiona, basi gridi inapata volti 80 kugawa kwa 11, yaani volti 7.3 chanya. EL84 kwenye volti 250 inahitaji gridi iwe volti 7.3 hasi ukilinganisha na kathodi. Umeona? Uvujaji usioonekana umeifuta breki yote ya valvu. Kweli rezista ya kathodi inajitahidi kurekebisha, lakini haiwezi kumaliza deni hilo, na valvu hii kwa kawaida tayari inafanya kazi kwenye wati 12, ambazo ndizo kikomo cha anodi yake.

Kwa hiyo kapasita hiyo sipimi, nabadilisha. Ya filamu ya plastiki, nanofaradi 10, volti 630, bei yake haifiki soda. Baada yake nabadilisha za karatasi zote zilizobaki. Za kauri na za maika naziacha zilivyo. Ukizigusa utaharibu urari wa mawimbi bure. Na ile iliyofungwa moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani, kama ipo, ibadilishe kwa aina yenye alama X2. Ya zamani hulipuka, na moshi wake hautoki kwenye mapazia upesi.

Kuhusu kuwasha kwa mara ya kwanza: nina ubao wenye soketi na kishikio cha balbu, vimefungwa mfululizo na redio. Ndani yake ipo balbu ya zamani ya waya, wati 60. Siku hizi kuipata ni kazi, mimi yangu niliokota kwenye duka la vifaa vya zamani pamoja na nyingine tatu nilizozificha mke wangu asizitumie uani. Taa za LED hazifai hapa kabisa, kwa sababu tunachotaka ni ule waya unaoongeza ukinzani ukipata joto. Redio isiyo na hitilafu ikiwashwa kupitia balbu hiyo, balbu inawaka vizuri kwa muda mfupi, inafifia, kisha inaongezeka kidogo valvu zikishapata moto na kuanza kuvuta. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, kuna shoti ndani, chomoa. Siku ile ya babu, balbu ya wati 60 ingeniokolea transfoma.

Balbu ikififia inavyotakiwa, chomeka moja kwa moja na upime. Mkono mmoja mezani, mwingine mfukoni au nyuma ya mgongo. Chini vaa viatu, wacha ndala za maji. Mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi ishikwe na klipu kwenye chasisi. Pini ya 2 ya EL84 lazima iwe sifuri au hasi kidogo. Ikiwa chanya, zima, ng'oa EL84, washa upime tena haraka. Volti ikibaki, ni kapasita. Ikitoweka, hapo ndipo unaruhusiwa kuilaumu valvu: imeingiwa na gesi au gridi yake imechafuka. Halafu pini ya 3, kathodi. Kwenye rezista ya ohmu 135 tarajia volti 7 na kitu. Mimi nilipoanza kupima redio za watu, moja ilinipa 11. Gawa kwa 135: milliampia 81, na mwisho wa kathodi ya EL84 ni 65. Mwenyewe aliniambia, "Mbona inaimba vizuri?" Hata ya babu iliimba vizuri.

Kabla ya kurudisha mikono ndani, zima, chomoa, na utoe chaji ya kapasita kubwa kwa rezista ya kilo-ohmu 10, wati 5, yenye klipu. Hesabu hadi kumi, kisha hakikisha kwa mita. Usitumie bisibisi. Ninayo yenye kishimo kwenye ncha kama ya kuungua kwa sigara. Cheche yake ilinifanya nirushe mkono nikavunja jicho la EM80.

Hitilafu nyingine ya pwani ni waya mwembamba wa transfoma ya spika kuliwa na unyevu wa chumvi. Utaona doa la kijani kwenye karatasi yake. Dalili yake inatisha: sauti hakuna, na ndani ya EL84 unaona nyaya nyembamba za skrini, gridi ya pili, zikiwa nyekundu badala ya anodi. Pima pini ya 9, utakuta volti 250 hivi. Pima pini ya 7, sifuri. Anodi haina umeme, basi skrini inabeba mzigo wote. Zima upesi. Redio ikiwa baridi, transfoma nzima itaonyesha ohmu mia kadhaa upande wa msingi. Iliyokatika haionyeshi kitu. Na usiwashe amplifaya ya valvu bila spika hata kwa jaribio la nusu dakika ukiwa umeingiza muziki, kwa kuwa volti hupanda upande wa msingi mpaka inaruka ndani ya transfoma.

Valvu zenyewe? Kwa macho tu utajua mengi. Ule mpako wa rangi ya fedha juu ya kioo ukiwa umegeuka mweupe kama maziwa, hewa imeingia, tupa. Mwanga wa buluu uliotanda kwenye kioo hauna neno. Wa zambarau au waridi uliojaa katikati ya elektrodi, vile vipande vya chuma vya ndani, ni gesi. Jicho la kijani lililofifia ni uzee, si ugonjwa. EL84 ikikosekana, 6BQ5 ya Kimarekani ni ileile, na 6P14P ya Kirusi inakaa palepale. Unapoichomeka, nyoosha pini kwanza; ukiilazimisha kioo kinapasuka chini, taratibu, na utagundua kesho yake mpako ukiwa mweupe.

Volumu inayokwaruza na swichi ya mawimbi visafishe kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme. Mjomba wangu alitumia mafuta ya cherehani. Sina la kuongeza.

Halafu kuna ombi ninaloletewa kila mwezi: "Mwalimu, nitilie bluetooth." Kwenye redio yenye transfoma, sawa, pitishia kwenye matundu ya santuri nyuma, na kibao cha bluetooth kipe chaja yake chenyewe badala ya kukinyonyeshea kwenye hita za valvu. Kwenye redio ya valvu za U, sifungi. Waya wa kibao hicho utakuwa umeunganishwa na ukuta, na siku moja mtu ataushika.

Ukimaliza, iache iimbe saa nzima mezani, ubao wa nyuma ukiwa wazi na hakuna mtoto karibu, ukipima pini ya 3 kila dakika kumi. Ikisimama kwenye 7 bila kupanda, funga. Mimi naongeza kipande cha wavu wa madirisha juu ya matundu ya hewa, upande wa nje, chenye macho mapana ya kupitisha joto na membamba kuliko kichwa cha mjusi.