Kuvuna nyati wa kufugwa kwa bunduki: kundi litulie kwanza, risasi baadae

Watu wengi wakisikia nyati anavunwa, yani anauliwa kwa ajili ya nyama, kwa bunduki hukohuko shambani wanadhani kazi kubwa ni shabaha. Shabaha ni sehemu ndogo tu. Kazi yenyewe ni kuhakikisha mnyama hajui kama kuna jambo, kwasababu nyama ya nyati inaharibika angali yuko hai. Naongelea hawa baisani, nyati wa Amerika, wanaofugwa Marekani na Kanada, ambao hata wakizaliwa ndani ya fensi akili zao zinabaki za porini, ukimpakia kwenye lori ukampeleka machinjioni ukambana kwenye njia ya vyuma atarukaruka, atachoma wenzake pembe, atajiumiza, ndo maana wafugaji kibao wanaona heri wampige palepale kwenye majani aliyoyazoea.

Sababu iko kwenye msuli. Msuli una akiba ya sukari, mnyama akifa ametulia ile sukari inageuka asidi na pH, yani kipimo cha asidi ambacho kikishuka asidi imezidi, inashuka mpaka 5.5 hivi, nyama inakua nyekundu safi na inakaa muda bila kuharibika. Akikimbizwa au akiogopa kwa muda mrefu sukari inaisha kabla hajafa, pH inabaki karibu 6 au zaidi, nyama inatoka nyeusi, kavu, na inawahi kuoza. Ikishafika hapo hakuna namna ya kuirudisha.

Kwa hiyo anza wiki kadhaa kabla. Tumia gari moja lilelile kuwapelekea chakula, njia ileile, mwendo uleule wa polepole, mpaka wakiliona wanasogea wenyewe. Siku ya kuvuna usilete gari geni wala umati wa watu, na mbwa abaki nyumbani. Madume usiyaguse kipindi cha kupandana, kuanzia Julai mpaka Septemba hivi, yanapigana, hayali vizuri, yanakonda. Kwa nyama wengi wanachagua madume machanga ya miezi 24 hadi 30, bado laini na mwili umeshajaa.

Habari ya vibali isikupite. Marekani ukaguzi wa USDA, wizara yao ya kilimo, kwa baisani ni wa hiari na anaeuomba ndo analipia, lakini kama unataka kuuza nyama yenye muhuri wao mkaguzi lazima amuone mnyama akiwa hai na amkague tena baada ya kuchinjwa, sasa hilo panga nae mapema, sio mnyama ameshalala chini ndo unaanza kupiga simu. Sheria za jimbo lako nazo ziulizie.

Tuje kwenye bunduki. Wataalam wa mifugo wa huko wanataka risasi itoke mtutuni na nguvu isiyopungua jouli 1,356, na bastola nyingi hazifiki hapo, kwa hiyo ziache. Bunduki ndefu ya saizi ya risasi .270, .308 au .30-06 inatosha kabisa. Mimi napendelea risasi ya shaba tupu, ile ya madini ya ledi inamwaga vipande vidogo vidogo vya sumu kwenye nyama kuzunguka jeraha. Alafu kuna jambo watu wanalisahau: darubini inakaa juu ya mtutu kama sentimita 4, ukiwa umeiseti kwa mita 100 na mnyama yuko mita 20, risasi inapiga kama sentimita 2 chini ya pale unapopaona. Kwenye ubongo sentimita 2 ni nyingi mno. Kafanyie mazoezi kwenye karatasi kwa umbali uleule utakaopigia, na mimi naona ukizidi mita 50 unacheza na maumivu ya mnyama.

Kichwa cha baisani kinadanganya. Ile manyoya mingi ya utosini inafanya paji lionekane kubwa kuliko lilivyo. Akikutazama uso kwa uso chora mstari wa kufikirika unaounganisha mashina ya pembe zake mbili kwa chini, panda sentimita 2.5 juu ya huo mstari, katikati, na risasi iingie moja kwa moja kwenye mfupa wa fuvu, isije kwa mshazari ikateleza. Akikaa kiubavu lenga karibu na shina la sikio. Akila ameinamisha kichwa subiri. Akitikisa kichwa subiri. Nyuma yake kuna mwenzake, usipige kabisa, subiri hata nusu saa, na nyuma pawe na kilima au udongo wa kupokea risasi, na ukipiga kutoka juu ya pikapu kuelekea chini ni salama zaidi. Kuna wanaopiga moyo na mapafu kama wawindaji, mimi siungi mkono kwa mnyama wa kufugwa, anaweza kukimbia mbali, kundi lote linatimka nae, na nyama ya bega unaitupa.

Ikipiga sawasawa anaanguka papohapo kama gunia. Pakia risasi ya pili hapohapo, usishushe bunduki. Miguu kurushwarushwa ni kawaida isikutishe, unachoangalia ni pumzi: kifua kisipande na kushuka kwa mpangilio, ulimi ulegee, na ukimgusa jicho kwa fimbo ndefu asipepese. Akipepesa au akijaribu kuinua kichwa mpige tena saa hiyohiyo.

Sasa hapa ndo pa hatari. Wenzake hawakimbii, wanakuja kumnusa, wanamzunguka, wengine wanamsukuma kwa pembe kama wanamwamsha. Usishuke kwenye gari. Mwenzio asogee na gari lingine polepole kuwatenganisha, bila honi wala kelele, mana kama unavuna wawili watatu siku hiyo hawa waliobaki ndo nyama yako ya baadae. Kundi likianza kuhangaika acha, rudi siku nyingine.

Damu itoke haraka, dakika ya kwanza au ya pili. Kisu cha kwanza kipasue ngozi tu mbele ya kidari, ni nene na imejaa vumbi na samadi, alafu chukua kisu kingine kisafi ukate mishipa mikubwa inayotoka moyoni. Mnyanyue miguu ya nyuma kwa trekta lenye kijiko, damu ishuke yenyewe.

Matumbo yatoke ndani ya nusu saa hadi dakika 45. Funga umio kwa kamba, zungushia kisu njia ya haja na uifunge kwenye mfuko, alafu ndo upasue tumbo ukiwa umeelekeza makali ya kisu nje. Uchafu wa tumbo ukigusa nyama usiuoshe kwa maji, unausambaza, kata hicho kipande utupe.

Kwenye kupoza watu wanaharakisha mno. Baisani hana mafuta mengi ya juu kama ng'ombe, anapoa haraka, na msuli ukishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi kabla masaa 10 hayajapita unajikunja, nyama inakua ngumu hata kama mnyama alikufa kwa amani. Mpe hayo masaa kwanza, alafu ushushe taratibu hadi nyuzi 4 au chini yake, na kesho yake pima pH kwenye msuli wa mgongo. Ikiwa 5.5 au 5.6 mtundike siku 10 hadi 14. Ikiwa karibu na 6 usimtundike, msage haraka uweke kwenye friza, na kabla hujavuna tena kaangalie ni kitu gani kiliwashtua.