Kazi ya kikundi ambayo kila mtoto anazungumza

Wape watoto sita swali moja na karatasi moja: mmoja ataandika, watano watamtazama. Si uvivu. Kazi yenyewe haihitaji watu sita. Dawa yake ni kumpa kila mtoto kipande cha somo ambacho wenzake hawana. Mwanasaikolojia Elliot Aronson alianzisha mbinu hii mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilipoanza kuchanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko na madarasa yakajaa uhasama.

Mfano wetu ni somo la malaria, darasa la tano, wanafunzi 48, vipindi viwili vya dakika 40 vilivyofuatana.

1. Gawa somo. A: jinsi mbu jike aina ya Anofelesi anavyoeneza vimelea. B: dalili. C: kuangamiza mazalia. D: matumizi ya chandarua. Kila kipande kiwe na sentensi tano hadi saba na kieleweke bila kusoma vingine. Andaa nakala tatu za kila kipande. Karatasi 12 zinatosha.

2. Panga vikundi mama 12 vya watoto wanne, yaani vikundi ambamo kila mtoto atarudi kuwaeleza wenzake kipande chake. Upange wewe. Wakijichagulia, marafiki watakaa pamoja na wapweke watabaki pembeni. Geuza madawati mawili yatazamane, kisha mpe kila mtoto herufi. Idadi isipogawanyika, unda kikundi cha watano ambacho wawili wanashika kipande kimoja. Kikundi cha watatu kitakosa kipande kizima.

3. Fundisha maneno ya kuzungumzia. Andika ubaoni: “Hapo sijaelewa, rudia.” “Kwa hiyo unasema…” “Mimi naona tofauti, kwa sababu…” Wayatamke kwa sauti, wawili wawili, kwa dakika tano. Usiruke hatua hii. Watoto wengi wanajua kujibu mwalimu lakini hawajawahi kuonyeshwa namna ya kumpinga mwenzao bila kumdharau.

4. Wataalamu, yaani watoto wenye kipande kimoja, dakika 20. Wenye A wakutane, wenye B vivyo hivyo. Kila herufi ina watoto 12, kwa hiyo watatoka vikundi vitatu vya wanne. Wasome, wakubaliane mambo matatu ya kwenda kueleza, kisha kila mmoja ajaribu kumweleza jirani yake. Pita ukisikiliza sasa, si baadaye: kikundi kimoja cha A kikiondoka kinaamini malaria huletwa na kunyeshewa mvua, vikundi mama vinne vitalishwa kosa hilo.

5. Kusanya karatasi zote. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtoto mwenye karatasi huinamisha kichwa na kusoma, wenzake wananakili, na mazungumzo hayatokei. Mruhusu kubaki na maneno matano tu ya kumkumbusha.

6. Warudi vikundi mama. Dakika tano kwa kila mtaalamu, gonga kengele. Kila mtoto awe na vizibo viwili vya soda, na anayetaka kuuliza aweke kimoja katikati. Hakuna kutumia cha pili kabla wasikilizaji wote hawajatumia cha kwanza. Hivyo msemaji sana anasubiri, na mkimya anapata zamu bila kugombana na mtu. Swali zuri husikika hivi: “Kwa hiyo unasema aliyeumwa na mbu jana anaweza kuugua leo?” Hapo mtaalamu wa B analazimika kukumbuka kwamba dalili kwa kawaida huanza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa.

Mtaalamu akikwama, usimsemee. Waambie wenzake wamuulize kidogo kidogo.

7. Zoezi la dakika 15, kila mtoto peke yake. Maswali manane, mawili kwa kila kipande. Usitoe alama za kikundi. Zinawafanya wepesi wawachukie wazito.

Unaposahihisha, tazama kosa limekaa wapi. Kikundi mama kimoja kikikosa C, mtaalamu wake hakueleweka. Mkalishe na mwenzake wa C arudie. Darasa zima likikosa C, kipande chako ndicho kilichoandikwa vibaya. Kiandike upya kabla ya kukipeleka mkondo mwingine.